Mwaka Niliofeli kwa Makusudi

Uji ukishika chini ya sufuria, mtu mwenye akili zake hukunja pua na kulalamika. Mimi husimama. Juzi nilikuwa Nyakato, napita nyuma ya ukuta wa shule moja nikimtafuta fundi cherehani, harufu ikanijia: uji wa ulezi na karanga, umeungua kidogo tu, ule wa kupikwa kwenye sufuria kubwa juu ya mafiga. Nikasimama katikati ya njia, mwanamke mzima na mkoba wangu begani, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi akaniuliza kama ni mzima. Nikamwambia mzima kabisa, ila nimekumbuka niliyoyafanya nikiwa mdogo. Akanitazama, akageuza mahindi yake.

Haya, niwasimulie ninyi basi, hasa wenzangu tuliokwenda shule na kidumu cha maji mkono mmoja na ufagio mkono wa pili, tukiandika kwenye madaftari yenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Ninyi mtanielewa. Watoto wa siku hizi nikiwasimulia wanauliza mbona hakuna picha.

Mimi ni Doto. Basi mmeshajua kwamba yuko Kulwa. Kwetu Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, hilo halina mjadala, na mapacha hugawiwa sawa. Mgeni akija na andazi moja analikata vipande viwili au anarudi nalo. Gauni likinunuliwa yananunuliwa mawili, rangi moja. Bibi yetu wa Usagara, mama yake baba, aliamini kwamba pacha akipunjwa anaugua, na akiugua mmoja, wa pili hachelewi. Nilikua nikiiamini sheria hiyo kuliko Amri Kumi, ambazo mama alitufundisha kila Jumapili na ambazo hazikuwa na lolote kuhusu maandazi.

Kulwa ana ulemavu wa akili. Leo nasema hivyo bila kigugumizi. Wakati ule sikuwa na neno hilo, na maneno waliyokuwa nayo majirani siyarudii hapa. Nilichokijua mimi ni kwamba dada yangu hakuwa na haraka. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na alipoanza kusema alichagua maneno machache akayatumia kwa kazi zote. Alikuwa mcheshi, mwenye mashavu, na akikukumbatia unaomba msaada. Taabu ilikuwa moja: alipotea. Hakutoroka kwa ubaya, aliona kitu kizuri akakifuata, na mara mbili aliwafuata ng'ombe wa mnadani mpaka kwenye barabara kuu ya Shinyanga, akarudishwa na watu wasiotufahamu. Tangu hapo mama hakumwachia. Alikaa uani akikata viazi vya michembe, vile vya kuanikwa juani vikauke, Kulwa amefungwa ncha moja ya kanga kiunoni, ncha ya pili imefungwa kiunoni kwa mama mwenyewe. Mama akienda kisimani wanakwenda wawili, akienda chooni wanakwenda wawili.

Baba alifanya kazi Nyakato, kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba. Alikwenda na kurudi kwa baiskeli, na nguo zake zilinukia mashudu hata siku ya kanisani. Alikuwa mpole, tena mpole kupita kiasi, lakini Kulwa alimfunga mdomo. Alimpenda, sibishani na mtu. Ila watu wakimuuliza habari za watoto, alikuwa anatoa habari zangu.

Tulipofika umri wa kuandikishwa tulipelekwa shule ya msingi palepale Buhongwa tulipokuwa tunaishi, gauni sare, viatu sare, tumepakwa mafuta tunang'aa. Mwalimu mkuu akatuambia tupitishe mkono juu ya kichwa tushike sikio la upande wa pili. Mnaukumbuka mtihani huo! Mimi nikashika. Kulwa naye akashika, ila alishika langu. Kisha tukaambiwa tuhesabu. Nikakimbia mpaka ishirini bila kuvuta pumzi, mwalimu mkuu akasema haya, Darasa la Kwanza B, wala usoni hakunitazama. Kulwa hakuhesabu. Alimtazama mwalimu mkuu, akatabasamu. Basi mzee akavua miwani, akawaomba wazazi wangu wakae, akaongea nao taratibu kwa muda mrefu, akamwita mwalimu mwingine, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini aliyeitwa Mwalimu Sesilia. Huyo akachuchumaa mpaka macho yake na ya Kulwa yakawa sawa, akamsalimia, akamshika mkono, wakaondoka pamoja kuelekea chumba chenye mlango wa buluu.

Sasa wewe ungekuwa na miaka saba ungeelewaje? Mimi nilielewa kile kilichokuwa wazi: Kulwa amechaguliwa, mimi nimeachwa. Mama alilia, nikajua ni furaha, maana alilia pia kwenye harusi ya mama mdogo.

Na ushahidi ukazidi kumiminika. Kwanza B tulikuwa zaidi ya mia, wengine sakafuni, ukitaka kukuna mgongo wako unakuna wa jirani. Kitengo, ndivyo walivyoliita darasa la mlango wa buluu, walikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na kiti chake. Sisi tulichapwa kwa kuchelewa, kwa kusahau ufagio, kwa kucheka. Kule sikuwahi kusikia fimbo. Saa nne sisi tunameza mate, wao wanakunywa uji wenye karanga, na ukoko wanakwangua kwa zamu. Halafu kazi zao! Walifua leso zao wakazianika. Walimwagilia mchicha. Asubuhi nzima walivaa viatu, wakavua, wakavaa tena, na kila aliyefunga kamba alipigiwa makofi na darasa zima. Mimi nilifunga kamba zangu kila siku tangu nina miaka mitano na hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Lakini lililonimaliza ni barabara. Mwalimu Sesilia aliwapanga mstari, akawatoa nje ya geti, wakaenda mpaka ukingoni mwa lami. Wakasimama. Wakatazama kulia, kushoto, kulia tena. Wakavuka. Wakarudi, wakavuka tena. Nje ya geti, saa za masomo! Sisi ukionekana nje ya geti saa hizo unaandikwa jina na kuitwa mbele ya mstari. Niliwachungulia dirishani nikiwa na kijiba cha roho cha mtu mzima, na mwalimu wangu wa hesabu akanirushia chaki.

Nyumbani mambo yalibadilika kidogokidogo. Kulwa akaanza kuosha sahani yake. Siku moja akamwamkia mzee jirani shikamoo, yule mzee akasahau kuitikia. Mama akaanza kulegeza kanga, ikawa ndefu zaidi, kisha siku moja sikuiona kabisa, na Kulwa alikuwa palepale uani akikunja nguo. Mama aliyaona hayo yote. Baba alitaka daftari. Kila Ijumaa, akishatundika baiskeli yake ukutani, alikaa kwenye kigoda akaomba madaftari yetu. Langu alilipekua ukurasa kwa ukurasa akihesabu vema za kalamu nyekundu. Kulwa alimletea karatasi iliyopakwa rangi na kucha zenye udongo wa bustani. Baba alitazama karatasi, akatazama kucha, akatikisa kichwa. Alisema shule ni kuandika, na kama ni mchicha, hata Usagara kwa Bibi upo.

Darasa la pili nikapata akili. Nilikaa nikawaza: mapacha hugawiwa sawa, Kulwa kapata kitengo, mimi nimepunjwa, na hakuna mtu mzima anayelishughulikia jambo hili. Basi nitalishughulikia mwenyewe. Nikajiuliza Kulwa alifanya nini siku ile ofisini hata akachaguliwa. Jibu likaja kirahisi. Hakuhesabu, alitabasamu.

Nikaanza kutabasamu. Mwalimu akiuliza tatu mara nne ni ngapi, mimi natabasamu. Akiuliza mji mkuu, natabasamu. Nikichapwa napokea, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kwenye mtihani wa muhula nilichora kuku karatasi nzima, kuku na vifaranga vyake, na penye jina nikaandika nusu ya jina. Jamani, kufeli ni kazi ngumu, mtu asikudanganye. Jibu unalijua, limekaa ulimini linawasha kama pilipili, na wewe unalimeza. Nilikuwa wa nne darasani. Nikawa wa tatu kutoka mwisho, na wale wawili waliokuwa nyuma yangu walikuwa wagonjwa siku ya mtihani. Nilipopewa ripoti niliruka nayo njia nzima. Nilikuwa na uhakika Jumatatu Mwalimu Sesilia atakuja kunichukua kwa mkono.

Baba aliisoma ripoti mara mbili. Hakunichapa. Aliikunja akaitia mfuko wa shati, na Jumapili baada ya kanisa akapanda baiskeli kwenda Usagara kumleta Bibi.

Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, natoboa viazi kwa kijiti nione kama vimeiva, nikawasikia. Bibi alizungumza Kiswahili cha kwetu, kile kisichojua r. "Mmewaweka dalasa mbalimbali," akasema, "sasa huyu anamfuata mwenzake." Yeye alimaanisha turudishwe pamoja. Baba akachukua ile nusu iliyofanana na hofu yake. Alisema amekwisha kuona, Doto anafuata njia ya Kulwa, na akiendelea kumwona kila siku atapotea moja kwa moja. Akasema Kulwa atoke shule, akaishi na Bibi Usagara. Miaka miwili hana hata herufi moja, ataacha nini? Ijumaa kulikuwa na kikao cha wazazi wa kitengo. Atakwenda, ataaga kwa heshima, na Jumamosi atampeleka.

Mama hakupaza sauti, na mama asipopaza sauti ujue ni vita. Alisema Bibi ni mzee, ana shamba na mbuzi, hawezi kumkimbiza mtoto. Alisema Kulwa akienda kule atafungwa kamba tena, safari hii kwenye nguzo ya ghala, na hayo mengine yote aliyoyajifunza yataisha. Bibi akakaa kimya, kwa hiyo ilikuwa kweli. Baba akasema, "Nina watoto wawili. Mmoja Mungu alinipa hivyo, nikanyamaza. Wa pili simwachii."

Na mimi nilifikiri nini? Naona aibu kusema, lakini nimeshaanza. Nilifurahi. Nilisikia kwamba Kulwa anatoka kitengo na akili yangu ikaenda moja kwa moja kwenye kile kiti chake kitakachobaki wazi. Kufa kufaana. Jioni ile nilikula ugali wa watu wawili.

Alhamisi mchana mama akatoa nguo za Kulwa kwenye sanduku, akazimwaga kitandani, akaweka begi kando. Kulwa akaja, akadhani ni kazi ya shuleni. Akakunja gauni moja baada ya jingine, pembe kwa pembe kama alivyofundishwa, akapanga marundo mawili yaliyolingana, moja akanisukumia mimi. "La Doto," akasema. Nikatazama marundo mawili, nikatazama begi moja.

Nikamuuliza mama begi langu liko wapi. Akasema anayekwenda Usagara ni Kulwa peke yake. Nikauliza siku ngapi. Nikauliza kwa nini, na hapo mama akaketi kitandani, juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa. "Kwa ajili yako, mwanangu," akasema. "Baba yako anaogopa umeanza kuwa kama mwenzako."

Nilifungua kinywa nikakifunga. Nikisema ukweli nitachapwa, hilo la kwanza. La pili, kitengo ndiyo basi tena maisha yangu yote. Kulwa alikuwa amekaa katikati ya marundo yake, amefurahi, anasubiri makofi. Nikampigia.

Ijumaa sikukaa darasani. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni, nikapita chooni, nikapita jikoni kwenye sufuria ya uji, nikajibanza kwenye maua nje ya dirisha la kitengo. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye vile viti vidogo vya wanafunzi, magoti yamefika kidevuni, na watoto wao walikuwa wanawapitishia vikombe vya uji. Kulwa alikuwa anagawa. Alibeba kikombe kimoja kimoja kwa mikono miwili, ulimi nje kwa umakini, na hakumwaga. Baba alipopewa chake alikipokea akakiweka chini bila kunywa. Kwenye mfuko wa shati niliiona ripoti yangu.

Mwalimu Sesilia alikuwa na kaunta buku mapajani. Alisema anataka kila mzazi aseme ameridhika na nini na hajaridhika na nini, wasimwogope, ataandika yote. Baba mmoja wa biashara ya dagaa akaanza. Alisema mwanawe siku hizi anageuza dagaa kwenye mchanga bila kuwakanyaga, na anajua jua likizidi avae kofia, hilo ameridhika nalo mno. Ila Mwalimu akiugua darasa linafungwa, watoto wanarudishwa nyumbani, na hilo hajaridhika nalo hata kidogo, kwani shule nzima ina mwalimu mmoja? Mwalimu Sesilia akaandika, akasema hata yeye hajaridhika nalo. Mwingine akalalamikia mlango wa choo. Ukaandikwa.

Kisha mama akasimama, akajifunga kanga vizuri. Hakumtazama baba.

"Mimi nimeridhika kwa sababu siku hizi naenda chooni peke yangu," akasema.

Darasa likaangua kicheko. Akina mama walicheka mpaka wakajipiga mapaja, halafu kicheko kikabadilika, nikaona mmoja anajifuta macho kwa ncha ya kanga, na wa pembeni yake hivyohivyo. Kila mmoja mle ndani alijua maana yake. Mama akaketi. Mwalimu Sesilia aliandika maneno yale kama yalivyo, neno kwa neno.

Baba akasimama. Alianza kwa kushukuru, maana alikuwa mtu wa adabu. Alimshukuru Mwalimu kwa upendo wake, akawashukuru wazazi wenzake. Akasema ana mapacha, na huyu mmoja wote wanamwona. Akatoa ripoti yangu mfukoni. Akasema huyu wa pili alikuwa wa nne, sasa yuko mkiani, anatabasamu tu akiulizwa, anachora kuku. Akasema hamlaumu Kulwa, lakini hawezi kukaa akawaangalia wote wawili wanapotea, kwa hiyo leo amekuja kuaga, kesho anampeleka mtoto kwa bibi yake. Mama alikuwa anatazama sakafu. Kulwa aliposikia jina lake aliinua uso akatabasamu, na kikombe bado kiko mikononi.

Sijui nilipandaje lile dirisha. Nakumbuka tu kwamba nusu yangu ilikuwa ndani na nusu ilikuwa nje, tumbo limebanwa kwenye ukingo, na nilikuwa ninapiga kelele.

"Baba, usimtoe! Mimi si mgonjwa. Nilikuwa najitia hamnazo."

Vichwa vyote vikageuka. Baba alinitazama kama mtu anayetazama mzimu. Mwalimu Sesilia akasema kwa sauti yake ileile ya chini kwamba chumba hiki kina mlango, nizunguke. Nikazunguka, magoti yamechubuka, nikasimama mbele ya ubao mbele ya watu wote wale. Nikasema yote nilikuwa nayajua, nilinyamaza makusudi. Mzee mmoja akaguna. Baba hakuguna, akachukua chaki. Baba yangu, ambaye hakuwahi kushika chaki tangu alipoacha shule, akaandika ubaoni hesabu nne, moja chini ya nyingine. Nikazijaza. Akaandika nyingine nne, ngumu zaidi. Nikazijaza. Nikaongeza na jedwali lote la tisa, ambalo hakuna aliyeniuliza, nikamtajia na mji mkuu, na mito, na jina langu nikaliandika lote, jina la baba na la babu. Ninyi hamjui raha ya kutoa majibu uliyoyabana mwaka mzima. Nilikuwa ninalia na ninaandika, siwezi kuacha, mpaka chaki ikakatika.

Baba akanigeuza kwa bega. "Umechapwa mwaka mzima," akasema. "Kwa nini?"

"Nilitaka kuhamia huku."

"Huku wapi?"

"Kitengo. Kulwa alichaguliwa, mimi nikaachwa. Mapacha hugawiwa sawa."

Nilidhani hawajaelewa, kwa hiyo nikawaeleza. Nikasema huku wanakunywa uji, hawachapwi, kila mtu ana kiti. Huku wana mchicha. Wanatoka nje ya geti mpaka barabarani na hawaandikwi majina. Na ukifunga kamba za viatu unapigiwa makofi, mimi nimefunga miaka yote sijapigiwa. Nikasema si haki.

Kulikuwa na bibi mmoja kwenye kona, mwembamba, aliyekuwa analea mjukuu wake asiyesema kabisa. Akauliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu litakimbia. "Rudia, mjukuu wangu. Wewe unamwonea nani wivu?"

"Kulwa."

"Kulwa huyu hapa?"

"Huyu. Na wote humu ndani."

Yule bibi akaweka kikombe chake sakafuni, akasimama kwenye miguu yake miembamba, akapiga kigelegele. Kikapokelewa na mwingine, na mwingine, akina mama wote wamesimama, viti vidogo vimeanguka, watoto nao wakapiga makofi kwa sababu makofi waliyazoea. Mimi nilikuwa katikati, kamasi zinanitoka, sielewi kuna sherehe gani. Nilielewa nilipokuwa mkubwa. Wazazi wale walikuwa wamehurumiwa, wameombewa, wamepishwa njiani, wameshauriwa na kila mpita njia. Walikuwa wameonja kila kitu ambacho jirani anaweza kumpa mtu, isipokuwa hicho kimoja.

Baba alikuwa amekaa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na uso ameufunika kwa mikono. Kulwa akamwendea, akaokota kile kikombe cha uji alichokiacha chini, akamwekea kwenye mkono. Baba akanywa. Akanywa wote, mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo kwa kiganja, na alipoinua uso macho yalikuwa mekundu lakini alikuwa anacheka. Mimi alinichapa jioni ile, fimbo tatu, na nilizistahili zote. Pale darasani hakuwa hata ananitazama. Alikuwa anamtazama Kulwa, kuanzia viatu vyake vilivyofungwa kamba mpaka kichwani, kama mtu aliyepewa mtoto siku ileile.

Mwalimu Sesilia akasubiri kelele zitulie. Akafungua tena kaunta buku lake, akamuuliza baba kama bado anaaga, au aandike nini.

Baba akasimama, akavuta shati lake likae vizuri. Akasema kuhusu daftari bado ana neno lake na atalileta siku nyingine. Kisha akakohoa.

"Andika nimeridhika," akasema. "Na wakikuuliza sababu, waandikie kwamba mwanangu anaonewa wivu."